Silensa Isiyo na Matumbo

Majirani zangu wa mtaa wa Tuwan, Kitale, hawana dogo, na ndio walionitumbukiza katika mambo haya. Nilikuwa na pikapu aina ya Datsun, ya buluu, kuukuu, iliyonilisha miaka saba kwa kubeba kabichi na viazi. Silensa yake ilikuwa imeoza. Silensa ni lile kopo la bati chini ya gari linalomeza kelele za injini, na la kwangu lilikuwa halimezi tena, linatapika. Nikiwasha gari alfajiri kwenda kuchukua kabichi Kachibora, mtaa mzima unaamka na kunilaani kwa jina. Mary Ann wa mlango wa pili alikuja kuniarifu, kwa uso mkavu kabisa, kwamba kuku wake wamekataa kutaga na anataka nijue ni kwa sababu ya nani.

"Hata jogoo siku hizi hawiki, Munene," alisema. "Atawika ya nini, na wewe uko?"

Nikasema basi yaishe. Ilikuwa mwaka wa 2004, mwezi wa tatu, mvua haijaanza. Nilienda kwa Rotich, fundi wa silensa nyuma ya soko la Kitale, akanifungia moja ya mtumba iliyotoka kwenye gari dogo la kifahari.

"Hii ilikuwa ya gari ya balozi," aliapa.

"Balozi wa wapi?"

"Wa huko kwao."

Wa huko kwao au wa mbinguni, gari lilinyamaza. Lilinyamaza hata nikawa nachungulia dirishani kuhakikisha kwamba barabara bado inasonga. Kuku wa Mary Ann walirudia kazi yao, nami nikaletewa mayai manne kwenye sahani. Nikajiona mtu mstaarabu. Sikujua kwamba kule Bungoma kuna mama aliyekuwa akiendesha maisha yake kwa kelele ile niliyoitupa.

Mke wangu, Peris, ni Mbukusu. Kwao ni kando ya barabara ya kutoka Kimilili kwenda Chwele. Mimi ni Mkikuyu, mzaliwa wa Saboti, na kwetu mama mkwe anaheshimiwa sana, lakini humtoroki. Unampelekea sukari na majani ya chai na unakaa vizuri. Kwa wakwe zangu heshima ina miguu. Mume wa binti na mama mkwe hawapeani mkono, hawalali nyumba moja, hawatazamani usoni. Wakielekea kukutana njiani, mmoja anaingia shambani na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Si chuki, jamani. Ni adabu, na nilioa nikijua.

Kwa hiyo katika miaka mitano ya ndoa sikuwa nimeuona uso wa Mama Wanyonyi hata mara moja. Siku ya harusi alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Yeye naye hakuwa ameiona Datsun yangu. Mama huyu alikuwa muuza sukari nguru katika soko la Chwele, siku zote yuko barabarani na kikapu chake, na mimi barabara ile ile naipita na kabichi mara mbili kwa wiki. Datsun ikinguruma tu huko Kimilili, yeye na wenzake wanaingia kwenye mahindi ya watu na kugeuza mgongo. Mfumo ulikuwa mzuri kuliko wa garimoshi. Hakuna aliyekuwa ameupanga, na labda ndiyo sababu ulifanya kazi.

Sasa siku ya soko, wiki moja baada ya silensa ya balozi, nilikuwa natoka Chwele gari tupu. Akina mama wakanipungia mkono, nikasimama kama ambavyo kila mwenye pikapu husimama, wakapanda nyuma. Sikuangalia nani ni nani. Vumbi lilikuwa jingi na wote walikuwa wamejifunika leso. Mbele kidogo mtu akagonga paa la kabini: anashuka. Mimi nililelewa vizuri. Nikatoka, nikapokea kikapu, nikaona mama mtu mzima anahangaika na ubao wa nyuma, basi nikamshika kiunoni nikamteremsha polepole kama yai.

Leso ikamtoka usoni. Akatazama lango la boma lililokuwa mbele yetu, akanitazama mimi, akatazama buluu ya gari, ambayo bila shaka alikuwa amesimuliwa. Mimi pia nikalitazama lango lile. Nililijua. Nilitoa mahari ya ng'ombe kumi na wawili mbele yake.

Mama alipiga kelele moja tu, akajifunika kichwa kizima na leso, akatimua mbio kuingia shamba la mihogo bila kuona aendako. Kiatu kimoja kikabaki barabarani. Na hapa ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu akili ya mtu aliyelelewa vizuri haijui kusimama. Nikaokota kile kiatu nikamkimbilia nacho.

"Mama! Mama, kiatu!"

Kadiri nilivyoita ndivyo alivyozidi mbio. Tulizunguka mihogo ile mara mbili. Wanawake waliobaki kwenye pikapu walikuwa wameshika vichwa, wengine wakilia, wengine nadhani wakicheka. Alinisimamisha Wanyonyi, kaka mkubwa wa Peris, aliyetoka bomani na jembe mkononi akanikuta nikimfukuza mamake kwenye shamba lake mwenyewe nikiwa nimeinua kiatu juu.

Kesi ilisikizwa wiki iliyofuata sebuleni kwa Mzee Khisa, ndugu ya marehemu baba mkwe, kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Mama mwenyewe hakuwapo, bila shaka. Wanyonyi, ambaye alikuwa amesoma chuo cha ufundi na anapenda mambo rasmi, aliandika kumbukumbu kwenye daftari. Tulifungua kwa maombi.

"Kitu ya kwanza," alisema Mzee Khisa, "hawa watu wawili walisafili pamoja. Sasa, gali ni nyumba ama si nyumba?"

"Nyumba ni paa," alisema mzee mwingine. "Hii kabini iko na paa. Huko nyuma hakuna paa. Mama alikuwa nje."

"Lakini chasisi ni moja," alisema Wanyonyi bila kuinua kichwa daftarini.

Chasisi wazee hawakuwa wameifikiria. Ilibidi twende nje sote, na Mzee Khisa, umri ule, akalala kwenye nyasi na koti lake la Jumapili kuitazama chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa macho yake. Aliporudi ndani akasema ni boma moja lenye nyumba mbili, na mama alikaa uani. Hapo nikapona. Kumshika kiunoni, nilitetewa kwamba sikujua. Lakini kiatu kilinimaliza. Hakuna mzee aliyekumbuka mkwe yeyote, tangu enzi za mababu, aliyemfukuza mama mkwe na kiatu.

"Nilikuwa namrudishia, Mzee," nilisema.

"Si ungeweka chini, bana?"

Kwa kweli ningeweka chini. Hata leo nikilikumbuka hilo nasikia joto masikioni.

Wakaamua hivi. Nitoe mbuzi na jozi ya viatu vipya. Mama hana kosa lolote, kwa kuwa gari lilibadilisha sauti bila kumwarifu. Gari lirudishiwe sauti, na sauti hiyo ichaguliwe na mama mwenyewe, asije akasema tena hakuijua. Na mpaka hapo, Peris na binti yetu Mwihaki, aliyekuwa na miaka mitatu, wangekaa kwao Bungoma.

Sauti ile ya zamani haingerudi. Silensa iliyooza Rotich alikuwa ameshaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Nilirudi Tuwan peke yangu. Siku kumi na nane nilikula ugali niliousonga mwenyewe, mbichi katikati, na kila nikifungua mlango nilikuwa nausikia ukimya wa nyumba ile. Nilimkosa mke wangu na mtoto wangu, na sioni haya kusema. Mayai ya Mary Ann yalinishinda kumeza.

Ujumbe ulikuja Kitale siku ya Jumatano. Mzee Khisa, Wanyonyi na daftari lake, Shangazi Rahab aliyekuwa dada ya marehemu baba mkwe, Peris, na Mama Wanyonyi. Rotich alikuwa ameandaa uwanja. Alitundika turubai kwenye nguzo mbili, nyuma yake akaweka kigoda kwa mama, na mama akaja na ungo wa maharagwe ya kuchagua ili asikae bure. Mimi niliketi kwenye usukani, nikatazama mbele, na niliamriwa nisigeuze shingo. Rahab ndiye angekuwa mjumbe kati ya turubai na sisi. Alifaa sana kazi hiyo: Rahab ana sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto, na akiongea nawe anakushika mabega na kukuletea mdomo karibu na pua.

Peris aliruhusiwa kunisalimia dirishani.

"Baba Mwihaki, umekonda."

"Mwihaki hajambo?"

"Hajambo. Anauliza kama umepotea." Akashika kioo cha pembeni, akakifuta na kidole. "Hakikisha imepatikana leo. Wanyonyi anaongea maneno mabaya huko nyumbani."

Sikuuliza maneno gani. Wanyonyi tangu mwanzo alitaka dadake aolewe na mwalimu wa Webuye.

Rahab akaomba, Wanyonyi akasoma ajenda, ambayo ilikuwa moja tu, na Rotich akaingia chini ya gari na spana zake.

Silensa ya kwanza ilitoka kwenye lori la shule. Nikakanyaga mafuta. Ilikuwa na sauti nzito, ya polepole.

"Hii ni sauti ya mtu mzima," alisema Mzee Khisa, macho yamefumbwa. "Lakini inafanana na ile gali ya kubeba maiti. Watu watakuwa wanavua kofia bala bala yote."

Rahab akaenda nyuma ya turubai, tukamsikia akipaza swali, akarudi. "Mama anasema hapana. Si hiyo."

Ya pili ilitoka kwenye Peugeot. Ilikuwa inakohoa kidogo, inatulia, inakohoa tena. Wanyonyi aliacha kuandika. Mzee Khisa alifumbua macho.

"Hiyo ni Baba," alisema Wanyonyi kwa sauti ndogo.

"Ni yeye kabisa," alisema Rahab. "Vile alikuwa anakohoa akitoka choo asubuhi."

Tukanyamaza dakika nzima kwa heshima ya marehemu, injini ikikohoa. Kisha Mzee Khisa akasema haiwezekani, mama hawezi kuwekwa kwenye mahindi kumkimbia bwana yake mwenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, Rahab alienda kuuliza. Akarudi akishangaa. Mama amesema hapana, na hakuonyesha dalili yoyote ya kumkumbuka marehemu.

Ya tatu Rotich aliitengeneza mwenyewe kwa mtungi wa kuzimia moto na nyuzi za kusugulia sufuria. Ilipiga mluzi. Kufikia hapo soko lilikuwa limehamia kwetu. Wapagazi walikuwa wamekalia magunia, muuza mahindi ya kuchemsha amefungua biashara pembeni, na mwalimu mmoja mstaafu aliyepita njia akapendekeza kura ya siri. Mluzi ulipigiwa makofi. Mama alisema hapana. Ya nne ililia kama kengele, na mtu mmoja akauliza ibada ni ya saa ngapi. Hapana. Ya tano, ya sita, hapana, hapana. Jua lilikuwa la utosi. Rotich alitoka chini ya gari kila mara akiwa mweusi zaidi, na spana alikuwa anazitupa chini badala ya kuziweka.

Nilisikia Wanyonyi akimwambia Mzee Khisa, hakujali kama nasikia: "Mzee, tuseme ukweli. Mama akikataa sauti zote, amekataa mwenyewe. Si siransa hatakangi. Ni mtu."

"Usiandike hiyo," alisema Mzee Khisa.

"Lazima niandike. Peris anarudi na sisi leo, na tuongee mambo ya ng'ombe kesho."

Ng'ombe wangu kumi na wawili. Mke wangu. Nilishika usukani mpaka vidole vikauma. Peris alikuwa amesimama karibu na turubai, ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kidole cha mguu, na nilitaka kushuka niende pale nimwambie neno, lolote, lakini shingo yangu ilikuwa chini ya amri.

Hapo ndipo Rotich alipokasirika. Rotich kwa kawaida ni mpole, lakini kazi yake ilikuwa imetukanwa mara sita mbele ya soko lote. Akaingia chini, akafungua kila kitu, akatoka mikono mitupu.

"Sasa hakuna siransa kabisa," alisema, akiwaiga lugha yao. "Ni bomba tupu. Kanyaga!"

Nikakanyaga.

Sina namna ya kuieleza sauti ile. Mabati ya kibanda cha chai yalicheza. Punda akaondoka na mkokoteni wa maji bila mwenyewe. Wapagazi wawili walilala kifudifudi, na yule mwalimu mstaafu, aliyekuwa bado anagawa karatasi za kura, akazimwaga zote na kuziba masikio. Wanyonyi alilifunika daftari kwa kifua kama mvua inanyesha. Moshi ulipiga turubai, kamba moja ikakatika, turubai ikaning'inia upande mmoja. Na katika kioo cha pembeni, kile Peris alichokifuta, nikamwona mama mkwe wangu.

Alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa anachagua maharagwe. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa. Akapepeta. Akatoa kingine. Soko zima la Kitale lilikuwa limeshika masikio, na yeye hata bega halikushtuka.

Nikaelewa. Mama Wanyonyi alikuwa hasikii. Si leo tu. Yale mahindi aliyokuwa akiingia barabarani, aliingia kwa sababu wenzake wameingia. Pikapu yangu aliipanda kwa sababu wenzake wamepanda. Silensa ya balozi iliwadanganya wenzake, si yeye. Maswali ya Rahab aliyaelewa kwa kuutazama mdomo wake. Na zile hapana zote alizosema, alizisema kwa hofu: akikubali sauti ambayo hakuisikia, siku moja barabarani itamuumbua, kwa hiyo alikuwa anakataa na kungoja, huenda inayofuata ataisikia.

Nilijua kwa nini amelificha jambo hilo. Wanyonyi alikuwa na dawa moja tu ya wazee, nayo ni kuwaketisha. Bibi mmoja wa ukoo alipoanza kupoteza macho, Wanyonyi alimtoa sokoni siku hiyo hiyo, kwa upendo kabisa, akamnunulia kiti kizuri akamweka barazani. Alikaa barazani miaka minne mpaka akafa, na kila aliyepita, bibi alimuuliza kama leo ni siku ya soko. Peris alinisimulia hayo akilia.

Bado nilikuwa nimekanyaga mafuta. Mama aliacha kupepeta. Viatu vipya nilivyomnunulia vilikuwa vinambana, alikuwa amevivua, na nyayo zake zilikuwa chini kwenye udongo. Alizitazama nyayo zake. Akaweka kiganja kwenye kigoda. Maharagwe kwenye ungo yalikuwa yanaruka yenyewe. Kisha akageuka polepole, akaona moshi, akaona turubai imeanguka, akaona watu wote na vidole masikioni, na mwisho akaniona mimi kwenye kioo, nikimwona.

Sijapata kuona mtu mzima ameogopa hivyo. Haikuwa hofu ya mkwe na mama mkwe. Alijua kwamba nimejua. Neno moja kutoka kwangu na angerudi Bungoma kukalishwa kwenye kiti kizuri. Neno hilo hilo lingeniokoa: mama hanikatai, mama hasikii, kesi imekwisha, mke wangu nipe. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikajionea haya kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nikanyoosha mkono nikakigeuza kioo kikatazama mbinguni. Kuonana kwenye kioo si kuonana. Hukumu hiyo nilijitolea mwenyewe, na chasisi sikuiuliza.

Nikazima injini. Rahab akarudisha turubai, akaenda nyuma yake huku akisugua masikio, akauliza. Peris alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Rahab alipotokea alikuwa anaruka.

"Amekubali! Mama anasema hiyo ndiyo! Hiyo hata akiwa ndani ya nyumba ataijua!"

Soko likashangilia. Wanyonyi akabaki na kalamu hewani.

"Lakini hii si siransa," alisema. "Tumekuja kuchagua siransa. Hii ni kukosa siransa."

"Andika," alisema Mzee Khisa, ambaye alikuwa na njaa. "Andika mama amechagua kukosa."

Basi imo kwenye daftari la ukoo mpaka leo: ilipendekezwa na mama, ikaungwa mkono na Rahab, kwamba gari la mkwe lisiwe na silensa. Tatizo likawa polisi. Rotich, ambaye sasa alikuwa amerudiwa na upole, akachukua ile ya sita, akaikata, akaitoa matumbo yote, vyuma na nyuzi na kila kilichokuwa ndani, akaichomelea tena ikabaki ganda. Ukichungulia chini ya gari unaona silensa nzuri inang'aa. Ukiwasha, ni bomba tupu.

"Askari akiuliza iko wapi, unamwonyesha," alisema Rotich. "Hawezi kuuliza iko na nini ndani."

Peris alirudi nami jioni ile, na Mwihaki akaja Jumamosi. Mary Ann aliuza kuku wote.

Kule barabara ya Chwele watu wanasema Mama Wanyonyi anavipenda sana viatu alivyotozwa mkwe wake. Hataki vichakae. Anavibeba juu ya kikapu cha sukari nguru, na yeye anatembea miguu mitupu. Hata akiwa peke yake, bila wenzake wa kutazama, Datsun ikikaribia anasimama kidogo, anausikiliza udongo kwa nyayo, kisha anaingia kwenye mahindi na kunipa mgongo. Wanyonyi amewahi kuniambia, kwa kujivuna, kwamba kwa umri wake mamake ana masikio kushinda vijana. Nikamwambia ni kweli.

Sikumwambia hata Peris. Ila kuna jambo nililianza miaka mitatu baadaye, na sijui wazee wangelipimaje. Desturi inakataza kuongea na mama mkwe. Haisemi lolote kuhusu kuongea huku yeye yuko shambani na hasikii. Nikimkuta yuko peke yake nasimamisha gari hatua kama hamsini, nazima injini, na kuongea. Mara ya kwanza nilisema tu nisamehe kwa habari ya kiatu. Mara ya pili nilimwambia Mwihaki ameng'oka jino na amelificha kwenye unga. Nimemweleza juu ya kabichi zilizooza Kachibora kwa mvua, na kifua cha Peris, na babangu alivyougua. Yeye anasimama pale katikati ya mahindi, kikapu kichwani, mgongo umenyooka. Anajua kwamba sijaondoka, maana udongo umetulia kabla gari halijampita. Angeweza kwenda zake. Hajaenda hata siku moja.

Juzi nilimkuta karibu na daraja. Binti yetu wa pili alikuwa amezaliwa Jumapili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mke. Nilishuka kabisa garini, nikasimama kando ya barabara na kofia mkononi. "Anaitwa Phelista," nilimwambia mgongo wake. Nikasema mara tatu, kwa sauti, kwa sababu jina lilikuwa lake na hakuna mtu mwingine barabarani. Kisha nikarudi ndani, nikawasha injini ili ajue nimemaliza.